Gauni la Kabula na Lori Lisilosimama

Haya, nimeamua kuandika. Tangu nirudi Mwandoya, kila anayekuja kupimwa nguo kwenye baraza langu anaanza na swali moja kabla hata hajanyoosha mikono: "Minza, ni kweli padre alifunikwa na kitenge chako?" Nami nasimulia huku nina pini mdomoni, na juzi nusura niimeze moja kwa kicheko. Basi someni wenyewe, mpeane, na mkija kwangu mje na vipimo tu.

Kwa asiyejua, Kabula ni mtoto wa marehemu dada yangu Holo. Kabla hajafariki, Holo alinishika mkono akaniomba jambo moja: siku mtoto wake atakapoolewa, nimvishe mimi, tena nimvishe gauni lile lile aliloolewa nalo yeye. Nikalitoa gauni sandukuni, nikalifumua, nikalishona upya kwa mwili wa Kabula. Ndoa ilikuwa Jumamosi asubuhi, huko Sapiwi. Padre alikuwa na ndoa nyingine kwenye vigango vya mbele siku hiyo hiyo, na alikwisha tangaza kwamba atakayemkuta hayuko tayari atangoja mpaka azunguke tena. Kuzunguka kwa padre yule watu wa Sapiwi wanakujua. Kuna mtoto alibatizwa akitembea mwenyewe mpaka kwenye maji.

Basi la Ijumaa likaharibika kabla halijaondoka. Habari za kuhangaika kutafuta usafiri mwingine naziruka, maana nikizikumbuka natamani kumpiga mtu.

Mwandoya: tunapanda kwenye mteremko

Nilichopata ni lori la pamba. Alfajiri ya Jumamosi nililikuta limeegeshwa kwenye kijiteremko nje ya senta, pua imeelekea chini, mawe chini ya matairi. Dereva, Masanja, alikuwa anakunywa chai kwa utulivu.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka. Unafika Sapiwi?"

"Nafika, napita, naenda kiwandani. Ila nikwambie ukweli kabla hujapanda. Selfu imekufa. Injini haiwaki mpaka gari liteleze. Na nikipunguza mwendo sana, inazima. Kwa hiyo mimi nasimama penye mteremko tu."

Nikatazama mbele. Ninyi mnaijua nchi yetu. Ukiweka yai barabarani Mwandoya, jioni utalikuta pale pale.

"Na Sapiwi je?"

"Sapiwi kuna kilima kidogo. Pale nasimama kabisa, unashuka kama malkia."

Nikapanda juu ya magunia ya pamba na mfuko wangu wa shangazi kaja. Ndani kulikuwa na gauni, na kiroba cha michembe, vipande vya viazi vitamu nilivyowakaushia wakwe wa Kabula. Nikamkuta mwenzangu amekwisha jitandikia kanga, Mama Shija, mwanamke mnene mcheshi anayeuza dagaa. Masanja akaondoa mawe, lori likateleza, likakohoa, likawaka. Tukashangilia kama timu imefunga bao.

Kisesa: dagaa kwenye uji

Kabla ya Kisesa Mama Shija akafungua furushi la dagaa, akaniambia lina mwenyewe, mwenye duka la rangi ya kijani kando ya barabara. Kwa kuwa lori halisimami, furushi litarushwa.

Sasa hapa lazima nijisifu kidogo, msininunie. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe wa baba. Hatukuwa na watoto wa kiume wa kutosha, hivyo mimi na Holo tulichunga. Ng'ombe akielekea shamba la watu, nilikuwa namrushia donge la udongo likampata kwenye pembe, pembe ninayoitaka. Nikamwambia Mama Shija, "Lete hapa. Wewe utaua mtu."

Mwenye duka alisimama barazani, amefungua mikono. Nikangoja tuwe naye sambamba kabisa. Nikarusha, na nawaapia sijawahi kulenga vizuri namna ile maishani mwangu.

Furushi halikwenda kwake. Lilikwenda upande wake, ndiyo, lakini huku likikimbia mbele pamoja na sisi, kana kwamba linaogopa kuachwa. Likapita duka lake, likapita kinyozi, likatua ndani ya sufuria la uji la mama lishe.

Mama lishe akasimama na mwiko. "Nani kanitukana?" akapiga kelele. "Nani anasema uji wangu hauna mboga?"

"Samahani, mama!" nikajibu, lakini lori lilikuwa linakwenda, na samahani yangu nayo nadhani haikufika ilikotumwa. Nilimwona mwenye duka anakimbilia sufuria, mama lishe anamzuia kwa mwiko, na wateja wanasogeza vikombe kuonja.

"Si ulisema unalenga?" Mama Shija akaniuliza.

"Nimelenga! Ni upepo."

"Upepo gani, mayu? Moshi wa mama lishe umesimama wima kama mlingoti."

Nilinuna.

Kisesa mpaka Bariadi: tunabishana na michembe

Njaa ikatushika. Wanawake wauzaji wa mahindi ya kuchemsha walisimama kando ya njia, na mmoja akaona tunampungia. Akarusha hindi juu kutulenga, kwa mkono mzuri tu, hindi likapanda mpaka usawa wetu, ila sisi tulikwisha ondoka hapo. Likaanguka nyuma ya lori. Akarusha la pili kwa hasira, nalo likabaki nyuma. La tatu likambamiza mwendesha baiskeli aliyekuwa anatufuata, naye akaliokota, akalishukuru anga, akala.

Tukabaki na michembe. Nikafungua kiroba, nikatoa ya kutosha na karanga za Mama Shija, tukawa tunatafuna na kubishana. Mama Shija alishikilia kwamba barabara ile ina mkono wake, inasukuma vitu mbele. Mimi nikamwambia barabara haina mkono, ina mashimo tu.

"Basi rusha mchembe juu kabisa," akasema. "Wima. Sisi tunakwenda, wenyewe uko hewani. Ukirudi chini tutakuwa tumeuacha. Utaanguka huko nyuma, kama mahindi."

Nikarusha wima. Mchembe ukapanda, ukasita kidogo, ukarudi ukaanguka kwenye mapaja yangu. Tukatazamana. Nikarusha tena, nao ukarudi tena. Mama Shija akarusha wake, akaudaka kwa mdomo, nusura umkabe.

"Unatufuata," akasema kwa sauti ya chini, amekodoa macho. "Kitu kikishapanda lori hili, kinasafiri nasi hata kikiwa hewani. Hakijui kama kimeshuka."

Nilicheka, lakini maneno yale yaliniingia. Ndiyo maana dagaa walipita duka. Walikuwa bado abiria.

Somanda: ugomvi wa mafungu

Masanja nyumba yake iko Somanda, mjini Bariadi. Tulipokaribia, na bodaboda wanatupita kulia na kushoto, akaweka fungu la nyama lililofungwa vizuri kwenye dirisha. Mbele nikaona mwanamke ameshika beseni. Nikadhani Masanja atangoja afike kwake. Hapana. Tulikuwa bado mbali, ndiyo kwanza tumefika kwenye nguzo ya umeme, akaliachia tu kwa kulisukuma pembeni. Fungu likaenda zake, likakimbia nasi ubavuni, likashuka likaingia kwenye beseni paa! Mwanamke hata hakutazama.

Alikuwa na kazi nyingine. "Na mama yako nilimkaribisha vizuri!" alipaza sauti tulipokuwa tunapita.

"Hakulalamikia chakula, alilalamikia salamu!" Masanja akajibu, na tukawa tumepita.

Niligonga paa la kibanda cha dereva. "Masanja, unagombana na mkeo?"

"Tangu msimu wa pamba uanze, mayu," akapaza sauti kutoka chini. "Kila safari neno moja yeye, neno moja mimi. Bado hatujafika katikati."

"Na ile nyama, umejuaje pa kuachia?"

"Kwenye nguzo. Zamani nilikuwa naachia nikiwa naye. Tulikula sana kuku wa jirani, maana nyama ilikuwa inaingia kwake na yeye anatulipa kuku kwa aibu."

Kumbe ndivyo. Unaachia kabla. Kitu kitajipeleka chenyewe kwa ule mwendo kilionao. Mimi na Mama Shija tukafanya mazoezi kwa michembe kutoka Somanda mpaka nje ya mji, tukilenga vichuguu. Mwanzoni tulivipita, baadaye tukaanza kuvipata. Nilipopata kichuguu cha tatu mfululizo nilisimama juu ya pamba nikacheza. Msichekeshwe na hilo, subirini.

Sapiwi: kilima kina mtu

Kile kilima cha Masanja kipo kweli. Tulikiona kwa mbali, nikaanza kujifunga kitenge vizuri ili nishuke kama malkia. Kisha Masanja akapiga honi ndefu ya huzuni. Juu ya mteremko, mahali pote pa kuegesha, palikuwa na lori jingine la pamba, pua chini, mawe chini ya matairi. Dereva wake alitupungia mkono kwa masikitiko. Selfu yake nayo ilikuwa imekufa.

"Mayu," Masanja akaita, "mteremko mwingine uko kiwandani!"

Kwenda kiwandani na kurudi Sapiwi, padre angekuwa ameshafika na kuondoka. Nikampigia simu shemeji yangu Luhende, baba yake Kabula.

"Shemeji, padre amefika?"

"Bado, yuko njiani! Wewe uko wapi? Mtoto amekaa na gauni la ndani, analia."

"Nakuja na lori, halisimami. Toka barabarani sasa hivi, simama kwenye ule mgunga, fungua mikono. Nakurushia gauni."

Kisha akauliza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "Unanirushia?"

"Simama kwenye mgunga!"

Nikalikunja gauni, nikaliweka juu ya kiroba cha michembe ndani ya mfuko ili uzito uupeleke, nikavuta zipu. Zipu ilisumbua kidogo. Ningesikiliza zipu, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Mama Shija akanishika kiuno nisianguke. Luhende yule pale, mikono wazi, suti yake imemkaa vizuri, niliishona mimi. Nikahesabu kichwani kama kwa vichuguu, na mapema kabisa, tukiwa bado mbali, nikaachia.

Jamani, lilikuwa tendo zuri. Mfuko ulikwenda umenyooka kabisa kuelekea kwa Luhende. Katikati ya safari zipu ikafunguka.

Mfuko na michembe vikaendelea na safari kama nilivyovituma. Vilimpata Luhende kifuani, akakaa chini na kiroba mikononi kama aliyepewa mtoto mchanga. Lakini gauni lilitoka, likafunguka, likajaa upepo, likasimama. Lilisimama hewani, nawaambia! Likaacha safari yetu kabisa, likabaki nyuma likiyumba. Mimi napelekwa mbele na lori nikilitazama linashuka polepole juu ya mkokoteni wa maji wa mzee mmoja, likamfunika maksai wa kushoto kichwa chote, pembe zikatokeza kwenye bega.

"Uuuwi!" nikalia. "Gauni la Holo!"

Ng'ombe wa maskini hazai. Ng'ombe akifunikwa macho hasogei. Yule maksai akasimama wima. Mwenzake wa kulia, ambaye alikuwa anaona, akaendelea kutembea. Basi mkokoteni ukaanza kuzunguka mahali pamoja, madumu ya maji yanadondoka moja moja. Hilo ndilo la mwisho nililoliona, kabla barabara haijapinda.

Kurudi nyuma kwa bodaboda

Kiwandani niliruka chini kabla matairi hayajatulia, nikadandia bodaboda, nikamwambia kijana akimbize. Njia nzima nililia, na sioni haya kusema. Nilimwona Holo akinishika mkono.

Nilipofika, bahati padre alikuwa bado njiani, na watu walikuwa wamejaa kuzunguka mkokoteni, na maksai bado amevaa. Mwenye ng'ombe, Mzee Ng'washi, alikuwa amesimama mbele yake na fimbo, hamruhusu mtu kugusa. Hakuwa mkali. Alikuwa na heshima zote, na hilo lilinikera zaidi.

"Mwadila, bhabha," nikamsalimu nikihema. "Naomba gauni langu."

"Mwadila, ng'wanawane, mwanangu. Hili si lako. Nguo nyeupe imetoka juu, imemchagua ng'ombe wangu, na ng'ombe amekubali, unamwona ametulia. Hii ni ya wakubwa waliotangulia. Tutawauliza kwanza wanataka nini."

"Imetoka mkononi mwangu! Nimeirusha kutoka kwenye lori!"

"Wewe umerusha michembe," akasema kwa upole. "Nimeona kwa macho yangu. Michembe ilitoka kwenye lori, ikaenda na lori, ikampiga huyu bwana. Kila kinachorushwa kwenye gari kinakwenda na gari. Mimi nimekaa kando ya barabara hii miaka, najua. Sasa hii nguo ilirudi nyuma. Kama ungeirusha wewe, ingekwenda mbele. Haikurushwa."

Watu wakaguna kukubali. Hata Luhende, na kiroba chake mikononi, alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Sheria aliyokuwa ananipigia nayo ndiyo ile niliyojifunza njia nzima na kuichezea ngoma juu ya pamba. Hasira ikanipanda mpaka kwenye nywele.

"Bhabha," nikasema, "nguo nyepesi inashikwa na upepo, inabaki. Nikikuonyesha?"

"Nionyeshe. Mimi si mbishi."

Nikafungua kitenge nilichojifunga juu ya gauni langu, nikaomba kiazi kwa mama mmoja, nikapanda tena bodaboda. Tukarudi mbali kidogo, kijana akaikimbiza. Tulipokaribia watu nikaachia vyote viwili kwa wakati mmoja, kiazi mkono huu, kitenge mkono huu. Kiazi kikaenda mbele nasi, kikabiringika mpaka mbele ya mkokoteni. Kitenge kikajaa upepo, kikabaki nyuma kama nilivyosema. Nikapiga kelele za ushindi.

Sikujua kwamba nyuma yetu, kwa mwendo wake wa siku zote, padre alikuwa anakuja na pikipiki.

Kitenge kilimpata usoni na kumzunguka kichwa chote. Pikipiki ikaacha barabara, ikaingia kwenye lundo la mabua ya mtama, ikazima. Padre hakuumia. Ila kwa mshtuko alibaki amekaa juu yake wima, kimya, amefunikwa, hasogei hata kidole.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alimtazama padre, kisha maksai, kisha padre tena. Mzee Ng'washi aliwatazama muda mrefu kuliko wote.

"Na huyu naye," akauliza mwishowe, "amechaguliwa?"

Chini ya kitenge sauti ikasema, "Tumsifu Yesu Kristo. Kuna mtu anaweza kunisaidia?"

Mzee Ng'washi akavuta pumzi, akapiga fimbo chini. "Chukueni nguo yenu," akasema. "Ng'ombe nina mahali pa kumfuga. Padre sina."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Watu walikaa chini barabarani. Padre alipofunuliwa aliuliza kilichotokea, akaelezwa na watu wote kwa pamoja, akakubali kungoja bibi harusi avae, kwa sharti kwamba mimi nisirushe kitu kingine chochote siku hiyo. Mzee Ng'washi mwenyewe ndiye aliyemvua maksai, taratibu, pembe moja baada ya nyingine, huku akimnong'oneza asiogope. Nilimshukuru, wabeja sana, kutoka moyoni, nikamkaribisha harusini.

Nilikimbia na gauni mpaka chumbani kwa Kabula. Vumbi lilitoka kwa kukung'uta, mate ya ng'ombe yalitoka kwa maji. Lakini begani palikuwa na tundu la pembe, kubwa, limechanika vibaya. Nilimvisha, nikashika sindano, na uzi ukakataa kuingia. Nje waliimba kutuharakisha. Nikamwambia anisamehe, kwamba nilimwahidi mama yake, na nimelileta gauni lake limevaliwa na ng'ombe.

Kabula alikuwa ameshasikia yote kupitia dirishani. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Mayu, acha hivyo hivyo," akasema. "Mama angekuwepo, angecheka mpaka akae chini."

Ni kweli. Holo angecheka mpaka akae chini, ashike mbavu, aombe maji, kisha aniombe nisimulie tena kile kipande cha padre. Nikacheka na kulia kwa pamoja, mwanangu naye akalia, ikabidi tumpake poda upya. Kisha nikachomeka sindano kwenye pazia, nikamshika mkono, tukatoka nje na lile tundu begani.